Kuoza Barafu

Kwetu Khorbak mlima ukiishiwa maji
hatumwiti kwanza fundi wa mabomba.
Tunapeleka posa.

Barafu dume ni nyeusi, ina changarawe mgongoni,
ni bahili wa maji, hunguruma tu usiku.
Barafu jike ni nyeupe, ina mshipa wa buluu,
huchuruzika mchana kutwa bila kuombwa.
Hutolewa moja bonde hili, nyingine bonde la pili,
zikalazwa pangoni, upande usiolijua jua,
zikazaa.

Ndivyo tulivyosikia. Mara ya mwisho kuziozesha
ilikuwa kabla ya barabara, kabla sijazaliwa,
kabla sijaenda Karachi kuhesabu fedha za watu.

Mwaka huu mfereji ulileta tope, kisha ukaleta vumbi.
Miaprikoti ya Sherzadi ilichanua, ikajuta.
Tukakusanyika kwa Taqi, tukumbuke.

Rozi Ali akasema: vibuyu saba vya maji ya mto.
Taqi akasema: tisa, tena na chumvi.
Rozi Ali akasema chumvi ni ya ng'ombe, si ya maharusi.
Kila mmoja akaapa kwa babu yuleyule.

Sauti ikatoka jikoni. Kaniza, dada yake Taqi,
mikono ingali na unga:
"Ni saba. Nilivijaza mimi.
Waliponirudisha kwenye kona nikajificha,
nikasukumia bangili hadi kwenye kiwiko zisilie,
nikawafuata.
Hiyo tisa yako, Taqi, ilikuwa umri wangu."

Na chumvi?
"Chumvi ilikuwa ya mkate wetu."

Masharti akayataja huku akikanda:
tenga lisiguse ardhi, lipokewe mgongo kwa mgongo;
asiseme mtu neno tangu barafu ikatwe
hadi mlango wa pango uzibwe.
Kwa nini wasiseme?
"Aliyejua," akasema, "alikuwa amenyamaza."

Nikaandika yote daftarini, safu mbili,
kama mkono wangu ulivyozoea:
kilichopo, kinachodaiwa.

Tukapanda wanaume kumi na wawili.
Bwana harusi alinitiririkia kiunoni usiku kucha,
baridi yake ikaingia hadi kwenye meno.
Karibu na alfajiri, juu ya genge,
simu yangu ikalia.

Ilikuwa ofisi. Hesabu za mwezi.

Wote wakasimama. Hakuna aliyesema.
Rozi Ali alinitazama
kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula hati ya shamba.
Taqi akanyosha kidole chini: turudi, tuanze upya.
Wengine wakapunga: twende.
Tukagombana kwa mikono, kwa nyusi, kwa mabega,
ugomvi mrefu usio na hata kikohozi,
na barafu inadondoka, tone, tone,
mahari ikimwagika njiani.

Ndipo nyuma ya jabali akatokea
mtu asiyealikwa, mara ya pili katika maisha yake,
bibi mwenye gunia la mkaa kichwani.
Hakututazama. Akatupita.
Bangili zilikuwa kwenye kiwiko.

Tukamfuata.

Mkaa chini, pumba za shayiri juu,
dume huku, jike huku, vibuyu saba katikati.
Tulipoviringisha jiwe la mwisho Taqi akapiga chafya,
na hilo likawa neno la kwanza.

Fungate yao, wanasema, ni miaka kumi na miwili.
Sijui kama imeshika. Kuoza kuna pande mbili,
upande wa ubani na upande wa harufu,
na pango halisemi.

Nusu ya njia kurudi nikapapasa mfuko.
Simu ilikuwa ndani, kwenye pumba,
nilikoizika kwa aibu.

Siku moja barafu itaitema.
Na watu wa Khorbak, wakijiandaa kuoza tena,
watakaa kwa mjukuu wa Taqi na kubishana:
huzikwa moja, au mbili?